Kamera ya kushuka nayo Kasanga

Wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Katandala, hapa Sumbawanga, mama wa watoto watatu. Familia yake imepanga kushuka Kasanga likizo ya Juni, wapitie na Maporomoko ya Kalambo, na baba watoto anataka wanunue kamera isiyoingia maji. Bajeti yao ni shilingi 200,000. "Dada, najua wewe ni mtu wa habari za afya na hili si lako, ila huwa unatujibu," aliandika. Swali lake: wanunue kamera, au simu zao zinatosha?

Ni kweli si langu. Safu hii mmezoea kuisoma kwa ajili ya chanjo, uji wa lishe na homa za watoto. Lakini swali hilo niliwahi kujijibu mwenyewe, na nilijijibu vibaya, kwa hiyo leo naomba mnivumilie.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, tulishuka Kasanga: dada yangu, shemeji, watoto wao wawili na mimi. Anayeishi huku Ufipa anaijua safari hiyo. Asubuhi mnatoka mjini mmevaa makoti na kofia za sufi, mvuke unatoka mdomoni. Mnapita Matai, barabara inaanza kushuka, na mkifika ziwani, karibu mita elfu moja chini ya mlipotoka, watoto wameshavua mpaka fulana. Mpwa wangu mdogo, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitano, aliingia majini kabla hatujatandika mkeka. Mimi nikatoa simu nimrekodi.

Nilikuwa namwangalia kwenye kioo cha simu. Alikuwa mdogo katikati ya maji yanayong'aa, na alipendeza kweli. Nikasogea kulia ili nipate na mtumbwi uliokuwa nyuma yake. Sijui zilipita sekunde ngapi. Dada akapiga kelele kutoka kwenye mkeka, nikainua macho, na maji yalikuwa yamemfika mtoto kidevuni, anarukaruka kwa ncha za vidole. Hakuwa analia wala kuita. Nilikimbilia majini na simu mkononi, na nilipomshika mtoto, simu nayo ilikuwa chini ya maji pamoja na mkono wangu.

Mtoto alikohoa, akatulia, baada ya muda akaomba chapati. Simu ilizima jioni ile ile na haikuwaka tena. Boksi lake liliandikwa IP68 na nilikuwa nimemringia sana shemeji kwa maandishi hayo. Ndani yake kulikuwa na video ya dakika nne ya bibi yetu akiwasimulia watoto jinsi alivyokuwa akipanda mlima na kikapu cha samaki kichwani akiwa msichana. Bibi alifariki mwezi wa nne mwaka ule. Video ile sikuwa nimeihamishia popote. Fundi wa kwanza aliniambia niiweke simu kwenye mchele. Wa pili aliifungua, akanionyesha kutu ya kijani.

Basi tuanze na hiyo IP68, kwa sababu wazazi wengi wanaisoma kama nilivyoisoma mimi. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi, na 6 ni daraja la juu kabisa. Ya pili inahusu maji. Ikiwa 4, kifaa kinavumilia maji ya kurushiwa, kama mvua au mnyunyizo. Ikiwa 7, kimejaribiwa kwenye kina cha mita 1 kwa dakika 30. Ikiwa 8, kimejaribiwa zaidi ya hapo, kwa kina na muda ambao kiwanda chenyewe kimeutaja, kwa hiyo lazima usome kijitabu ujue ni kina gani. Majaribio hayo hufanyika maabara, kwa maji safi yaliyotulia, kwa simu mpya. Ziwa halijatulia, lina mchanga na mawimbi, na mkono wa mtu anayekimbia unagonga maji kwa nguvu.

Halafu kuna jambo ambalo dukani hutaambiwa. Kinachozuia maji kwenye simu ni gundi na vipande vya mpira vinavyozunguka kioo na matundu. Simu ikianguka mara kadhaa, gundi inaachia. Ikifunguliwa na fundi kubadilishwa kioo au betri, kinga ile imekwisha, isipokuwa fundi awe na gundi na mashine za kuirudisha, na wengi wa mitaani hawana. Yangu ilikuwa imebadilishwa kioo miezi sita kabla. Simu ya mtumba nayo huwezi kujua imefunguliwa mara ngapi. Na hata ukiwa na simu mpya yenye risiti, kampuni kubwa kama Apple zinaandika wazi kwamba uharibifu wa maji hauingii kwenye dhamana ya kawaida. Kuhusu mchele, Apple hao hao waliwaonya wateja wao mwaka 2024 wasiutumie, kwa kuwa vumbi lake linaweza kuharibu simu zaidi. Futa, iache sehemu yenye hewa, usiichaji ikiwa na maji.

Kwa hiyo jibu la nusu ya kwanza ya swali la mama wa Katandala: simu isiingie majini, hata ikiwa ya bei gani. Fikiria kilichomo. Humo ndimo zilimo hela zenu za njiani, namba za ndugu, namba ya nesi, picha za kadi ya kliniki. Mkiwa Kasanga na simu imekufa, nauli ya kurudi imo ndani yake. Na usiku wa kuamkia safari, hamishia picha na video zako kwenye kompyuta au flashi, au tumia bando la usiku kuzipandisha kwenye akaunti yako ya Google. Ningefanya hivyo mimi, leo bibi angekuwa anasikika.

Sasa kamera. Nilianzia chini kabisa, kwenye kifuko cha plastiki cha kuvalisha simu, kile chenye kamba ya shingoni. Mjini hapa nilikinunua kwa shilingi 12,000. Wengine wanakidharau, mimi sikidharau, mradi ukijaribu kwanza. Weka tishu kavu ndani badala ya simu, funga, kisha kizamishe kwenye beseni la maji kwa nusu saa ukiweka jiwe juu yake. Toa, kausha nje vizuri ndipo ufungue. Tishu ikiwa na unyevu hata kidogo, kitupe. Rudia jaribio hilo kila safari, kwa sababu plastiki hupasuka pale inapokunjwa. Kikifaulu, kinatosha kabisa kwa Kalambo.

Kalambo haihitaji kamera ya kuzamia. Maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, mpakani mwetu na Zambia, na unachokutana nacho ukikaribia, hasa miezi ya mvua na mara baada yake, ni mnyunyizo unaolowesha nguo na lenzi. Kifuko kinatosha, pamoja na kitambaa laini cha kufutia. Kinachotakiwa pale ni kuona mbali, na hapo zile kamera ndogo za michezo ambazo vijana wanazipenda zinashindwa: lenzi yake ni pana mno, maporomoko yote yanakuwa kama uzi mweupe. (Waambie watoto pia kwamba eneo hilo hilo, upande wa Zambia, ndipo watafiti walipokuta magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale miaka ipatayo 476,000 iliyopita. Habari ilichapishwa mwaka 2023. Mpwa wangu mkubwa aliuliza kama walikuwa na panga.)

Ziwani kifuko kina kasoro zake. Kioo cha simu hakisikii kidole chini ya maji, kwa hiyo unapiga picha kwa kitufe cha sauti, ukipapasa. Na bado ni simu yako iliyo ndani. Kama una simu ya zamani kabatini, ambayo laini ilishatolewa, hiyo ndiyo ya kuivalisha kifuko. Ikizama, umepoteza simu mbovu.

Kamera ndogo za michezo za bei ya chini zimejaa mtandaoni na Kariakoo. Zinaandikwa 4K na "mita 30". Soma kwa makini: mara nyingi inayofika mita 30 ni ile nyumba yake ya plastiki ngumu, kamera yenyewe ukiitoa ni kavu kama biskuti. Nyumba hiyo ina mpira mwembamba mlangoni, na unywele mmoja au chembe ya mchanga ukinaswa pale, maji yanapita. Zile za GoPro ni tofauti, tangu Hero5 ya mwaka 2016 nyingi zinaingia mita 10 bila nyumba, lakini bei yake haipo kwenye bajeti tunayoizungumzia. Ukichukua za bei ya chini, jaribu nyumba tupu kwenye beseni kama kifuko, na usiamini hiyo 4K mpaka uone video kwenye kioo kikubwa. Memori kadi nunua kwa muuzaji unayemjua. Kadi feki hujaza picha nusu, nyingine zote zinafutika.

Mimi nilimalizia kwenye kamera iliyotumika. Kuna familia ya kamera ndogo za mfukoni zilizotengenezwa kwa ajili ya maji: Olympus Tough, ambazo kuanzia TG-3 hadi TG-6 zinaingia mita 15, Nikon Coolpix W100 ya mwaka 2016, ya mita 10, yenye vitufe vikubwa ambavyo mtoto anavielewa, Fujifilm XP, ambazo kina chake kimekuwa kikibadilika hadi kufika mita 25 kwa XP140 ya mwaka 2019. Kuna na Nikon W300 ya mita 30. Usihangaike na kina. Familia inayocheza ufukweni haifiki hata mita 2, na ikifika tuna tatizo kubwa kuliko kamera. Chagua kwa hali ya kamera, siyo kwa namba.

Hali yake unaiangaliaje? Fungua mlango wa betri. Mpira unaozunguka uwe laini, mweusi wote, usiwe na mpasuko wala sehemu iliyobanwa. Angalia mahali betri inapokaa: rangi ya kijani au nyeupe kwenye vyuma maana yake maji yameshawahi kuingia, mrudishie mwenyewe. Betri iliyovimba usiichukue, na uliza kama betri mpya ya aina hiyo inapatikana. Chungulia lenzi kwenye mwanga, ukiona ukungu au utando kama wa buibui, acha. Piga picha, vuta karibu, rekodi dakika tano. Mwisho, kama muuzaji anasema inaingia maji, mwambie aiweke kwenye ndoo mbele yako. Wawili walinikatalia. Wa tatu aliizamisha bila kusita, nikampa shilingi 180,000. Ilikuwa Dar es Salaam nilipokwenda kikazi. Kwa hapa mjini sijaziona kwa wingi, wengi wetu tunaagiza kwa ndugu.

Mpya je? OM System TG-7, mrithi wa zile Olympus, ilipotoka mwaka 2023 bei yake Marekani ilikuwa kama dola 550, yaani zaidi ya shilingi milioni moja na robo kabla ya usafiri na ushuru. Ni nzuri sana. Ni ada ya shule pia. Kamera za mkanda za kutumia mara moja na kutupa, ambazo nazo zipo za majini, sizipendekezi kwa huku. Utausafishia wapi mkanda?

Chochote utakachonunua, ongeza kamba ya mkononi inayoelea, ile yenye sponji nene ya rangi kali. Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani, mita zipatazo 1,470 kwenye kina kirefu kabisa, na sehemu nyingi sakafu yake inashuka ghafla karibu na ufuko. Kamera iliyodondoka kutoka kwenye mtumbwi haitafutwi. Kushuka huko ghafla ndiko pia kulikomkuta mpwa wangu; hatua mbili kutoka magotini, maji yakawa kidevuni.

Kuna na jambo la huku kwetu Ufipa ambalo maelekezo ya viwandani hayawazii. Kamera iliyolala kwenye baridi ya Sumbawanga ikitolewa ghafla kwenye joto la ziwani, unyevu wa hewa unaganda juu ya lenzi, na mlango ukifunguliwa wakati huo unaingia ndani. Baadaye unaona picha zote zina ukungu katikati na unadhani imevuja. Funga betri na kadi ukiwa nyumbani, sehemu kavu. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa au zaidi baada ya kufika, ipate joto taratibu. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu viweke kwenye begi lake, mbali na watoto wadogo. Jioni ioshe kwa maji safi ikiwa imefungwa, ifute, iache ikauke kabisa ndipo ufungue mlango.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tunadhani mtoto anayezama atapiga kelele na kurusha mikono. Mara nyingi hafanyi hivyo, kwa sababu mdomo uko majini na nguvu zote ziko kwenye kutafuta pumzi. Ni kimya, na ni haraka. Mtu anayemwangalia kupitia kioo cha kamera anaona mtoto anayerukaruka na anaona picha nzuri. Nilikuwa nimesoma yote hayo kabla ya siku ile, nilishayaandika hata gazetini.

Kwa hiyo kwenye familia yetu sasa kuna utaratibu ambao shemeji anauita wa jeshi. Mwenye kamera haangalii mtoto. Kabla hajaiwasha anamtaja kwa jina mtu mzima anayeangalia, na huyo anaitika, "Nipo." Hapigi picha, hapigi stori, hagusi simu, na wadogo wako umbali wa mkono wake. Akichoka anamkabidhi mwingine kwa jina. Kama mtu mzima ni mmoja tu, hakuna picha za majini siku hiyo. Watoto wapigwe picha wakiwa kwenye mkeka wanakula. Watoto wakubwa tunawapa kamera wenyewe, kamba mkononi, maji yasipite kiunoni. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kununua ya bei ndogo: kamera ya milioni hutampa mtoto wa miaka kumi. Picha zao zimejaa miguu na mawe, na samaki wale wadogo wa rangi ambao wenzetu wa nje wanawafuga kwenye matanki ya kioo.

Kabla ya kuingia maji yoyote, ulizeni wenyeji wapi watoto wao wanaoga na wapi hawaogi. Wanajua mamba wako wapi, iwe Tanganyika au Ziwa Rukwa upande ule wa bondeni. Kichocho nacho kipo ziwani, vijidudu vyake vinapita kwenye ngozi, hasa sehemu zenye majani na konokono. Baada ya wiki kadhaa mtoto akikojoa damu, akiwa na damu kwenye choo au tumbo lisiloisha kuuma, mpeleke kituo cha afya na umwambie daktari kwamba aliingia ziwani. Dawa yake ipo.

Mama wa Katandala, hesabu yako naiona hivi. Katika hiyo 200,000, toa kwanza ya majaketi ya kuokolea maisha ya watoto wote watatu, yanayowakaa, yenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Kama yanaweza kuazimwa au kukodishwa, hakikisha kwa simu kabla hamjaondoka, msiende kwa matumaini. Kikibaki cha kutosha na una ndugu Dar anayeweza kusimama na muuzaji mbele ya ndoo ya maji, chukua kamera ndogo iliyotumika. Kikibaki kidogo, chukua kifuko na simu ile ya zamani ya baba watoto, uliyosema ina ufa kwenye kona. Kuna muda wa kukijaribu kwenye beseni mara mbili kabla ya Juni.